Kadi ya mkopo mezani kwa wakili: unalipia nini hasa?

Ankara ya wakili anayehamisha umiliki wa nyumba ina tabia moja mbaya: inaandika "gharama za kisheria", kisha inaweka jumla moja chini. Tuseme 5,588,000. Mnunuzi ameshatoa sehemu kubwa ya bei, akiba imekauka, na kwenye pochi ana kadi ya mkopo yenye kikomo cha milioni 6 aliyopewa na benki inayopitisha mshahara wake. Anauliza, "Wakili, hapa mnapokea kadi?" Mashine inatolewa kwenye droo, kadi inagusishwa, na kabla chai haijapoa deni la nyumba limeshazaa deni jingine.

Swali la kadi limekuja mapema mno. La kwanza ni hilo fungu la milioni 5 na ushee lina nini ndani, kila shilingi ni ya nani, na inalipwa kwa njia gani. Ukishalipasua, unagundua kwamba kadi inafaa kwa theluthi moja tu, na theluthi yenyewe ndiyo pekee ambayo ungeweza kukaa na wakili mkaipanga bila kukopa kabisa.

Chukua nyumba ya milioni 80 kule Kiseke, Manispaa ya Ilemela, Mwanza, yenye hati miliki. Ada ya wakili yenyewe, tukiiweka asilimia 2 kwa mfano, ni 1,600,000. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, juu yake kwa asilimia 18 ni 288,000. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani, yaani karibu 800,000. Mthamini, upekuzi wa kumbukumbu za hati, kibali cha uhamisho na ada za usajili tuzikadirie kwa pamoja 500,000. Zinabaki 2,400,000, na hizo ndizo zenye maneno: ni kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kisheria ni mzigo wa muuzaji lakini kwa namna fulani imejikuta kwenye ankara ya mnunuzi.

Sasa angalia zinakoenda. Ada na VAT zinaingia kwa wakili. Ushuru wa stempu na kodi ya ongezeko la mtaji ni za TRA, Mamlaka ya Mapato. Kibali na usajili ni za wizara ya ardhi. Fedha za Serikali hazilipwi mezani kwa wakili. Zinalipwa kwa kontroli namba, ile namba ya malipo inayotolewa kwa kila bili ya Serikali, kwenye dirisha la benki, kwa wakala au kwa simu. Hapo kwa kawaida kadi ya mkopo haina mlango wa moja kwa moja. Kwa hiyo anayetaka kuitumia kwa ankara nzima anaangukia kwenye mojawapo ya njia mbili, na zote mbili zina shimo.

Njia ya kwanza ni kumwachia wakili apitishe jumla yote kwenye mashine yake, kisha yeye alipie kodi kwa niaba yako. Mashine hiyo ya kupokea kadi, POS, haifanyi kazi bure. Benki inayoimiliki inakata asilimia yake kabla fedha haijamfikia wakili, na wakili asiyetaka kula hasara anaiongeza juu ya ankara. Tuseme makato ni asilimia 2.5. Kwa 5,588,000 hayo ni 139,700. Ndani yake kuna 80,000 ambazo umelipia kwa ajili ya kupitisha 3,200,000 za kodi kwenye mashine, fedha ambazo kwa simu au benki zingefika TRA kwa makato madogo sana. Hakuna huduma uliyoipata kwa hiyo 80,000.

Tena kuna jambo la akaunti, ambalo wanunuzi wengi hawalioni. Wakili makini ana akaunti mbili: ya ofisi na ya wateja. Fedha ya kodi yako ni fedha yako mpaka itakapolipwa, na mahali pake ni akaunti ya wateja. Mashine ya POS mara nyingi imeunganishwa na akaunti ya ofisi, ileile inayolipa pango la chumba cha Barabara ya Kenyatta na mshahara wa karani. Kodi yako ikichanganyika humo, inategemea nidhamu ya mtu mmoja. Ushuru wa stempu unatakiwa ulipwe ndani ya siku 30 tangu hati kusainiwa. Ukichelewa kuna adhabu, na hati isiyolipiwa stempu haipokelewi mahakamani kama ushahidi hadi ilipiwe. Wakili akichelewa kwa sababu fedha ilipita mkondo usio wake, hati inayokosa nguvu ni ya kwako.

Njia ya pili ni kwenda ATM na kadi hiyohiyo, kutoa taslimu, kisha kulipa kontroli namba. Hii ndiyo fedha ghali kuliko zote zilizomo kwenye kadi. Unaponunua kitu kwa kadi ya mkopo kuna siku za bila riba. Unapotoa taslimu, kwa kawaida siku hizo hazipo. Riba inaanza siku ileile, na juu yake kuna ada ya kutoa. Weka mfano wa ada ya asilimia 4 na riba ya asilimia 3 kwa mwezi: kwa 3,200,000 unaanza na 128,000, na ukikaa nazo miezi 3 riba inafika 288,000. Jumla 416,000, zaidi ya nusu ya ushuru wa stempu wenyewe. Viwango vya benki yako viko kwenye jedwali la ada ulilopewa pamoja na kadi, lile karatasi lenye herufi ndogo ambalo watu huliacha ndani ya bahasha. Kwenye jedwali hilo, mstari wa kutoa taslimu uko mbali na mstari wa manunuzi. Isome yote miwili.

Turudi kwenye zile 2,400,000, maana hapo ndipo kuna fedha ya kuokoa kuliko hila yoyote ya kadi.

Muuzaji wa Mwanza ana kauli yake: "Mimi nataka hela yangu safi mkononi." Maana yake kodi zote, pamoja na za kwake, zihamie kwa mnunuzi. Dalali anaipenda kauli hiyo kwa sababu inaharakisha biashara, na mnunuzi anaikubali kwa sababu hajui inabeba nini. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida: bei ya kuuza, ukitoa alichonunulia na alichojengea, mradi awe na vielelezo. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, mtu binafsi mkazi asiye na kumbukumbu za gharama anaweza kutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Ndiyo hiyo 2,400,000 kwa nyumba ya milioni 80. Kuna pia msamaha unaosahaulika: nyumba ya kuishi ambayo mtu binafsi ameimiliki miaka 3 au zaidi na kuishi humo kwa jumla ya miaka 3 au zaidi, faida yake isipozidi milioni 15, haitozwi. Mzee aliyekaa kwenye nyumba yake ya Pasiansi miaka 20 anaweza asidaiwe chochote, lakini kama faida yake imevuka milioni 15 anaingia kwenye hesabu. Swali hilo linaulizwa kabla ya mkataba. Ukisubiri ankara, umechelewa.

Kama kodi ipo, dawa yake si kadi. Dawa ni kifungu kimoja kwenye mkataba wa mauziano: mnunuzi atazuia kiasi cha kodi kutoka kwenye awamu ya mwisho ya bei, wakili atailipa kwa kontroli namba iliyotolewa kwa jina la muuzaji, na kitakachobaki kitakwenda kwa muuzaji pamoja na nakala ya risiti. Muuzaji anayekataa kabisa, basi bei ishuke kwa kiasi hicho. Msajili wa Hati hasajili uhamisho bila uthibitisho wa TRA, kwa hiyo kodi hiyo italipwa tu. Kilichobaki ni kuamua itoke mfukoni mwa nani. Anayeikopea kwenye kadi analipa kodi ya mtu mwingine, na riba juu yake.

Angalizo jingine kuhusu tarakimu hizo. Uthamini unafanywa na mthamini aliyesajiliwa na kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Thamani iliyoidhinishwa inaweza kuja juu ya bei mliyokubaliana, na TRA huangalia iliyo kubwa. Nyumba mliyopatana kwa milioni 80 ikithaminiwa milioni 95, stempu inapanda hadi karibu 950,000 na ile asilimia 3 inakuwa 2,850,000. Nyongeza ya 600,000 imeingia bila mtu kupandisha bei. Wale wanaojaza mkataba wa bei ya uongo ili kukwepa kodi, kisha mkataba wa pili wa siri wenye bei ya kweli, mara nyingi wanaumbuliwa na ripoti ya mthamini. Na siku mauziano yakivunjika, mnunuzi anadai kwa mkataba ambao mwenyewe aliuficha.

Tubaki basi na ile theluthi: ada ya wakili na VAT yake, 1,888,000. Hapa kadi inaweza kuwa na kazi halali, kwa sharti moja gumu: uwe unajua fedha ya kuilipa inatoka wapi na tarehe ngapi. Malimbikizo ya mshahara, malipo ya pamba au dengu, mgawo wa VICOBA wa mwisho wa mwaka, mradi iwe fedha yenye tarehe. Kadi ya mkopo ni daraja la siku chache. Upande wa pili kusipokuwa na ardhi, ni gati tu linaloishia majini.

Siku hizo za bila riba zinategemea tarehe ya taarifa ya kadi, yaani hesabu ya deni ambayo benki hukutumia kila mwezi. Tuseme benki inafunga taarifa kila tarehe 25 na malipo yanatakiwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ukimlipa wakili tarehe 24 Agosti, muamala unaingia kwenye taarifa ya kesho yake, na una siku 22. Ukimlipa tarehe 26 Agosti, unangoja taarifa ya 25 Septemba, mwisho wa kulipa ni 15 Oktoba, siku 50. Kiasi kilekile, wakili yuleyule, tofauti ya siku mbili kwenye kalenda inakupa wiki nne. Lakini siku za bila riba zinatolewa kwa anayelipa deni lote. Ukibakiza hata sehemu, benki nyingi hurudi nyuma na kuhesabu riba tangu siku ya muamala.

Na kuna mtego wa "malipo ya chini" yanayoandikwa kwenye taarifa kana kwamba ni hisani. Ili hesabu iwe nyepesi, chukua deni la 2,000,000, riba ya asilimia 3 kwa mwezi, malipo ya chini ya asilimia 10 ya salio. Baada ya miezi 12 ya kulipa bila kukosa utakuwa umetoa karibu 1,690,000, riba ikiwa imekula karibu 490,000, na bado utadaiwa kama 805,000. Mwaka mzima umelipa, na ada ya wakili haijaisha.

Uhamisho wenyewe una ratiba yake isiyojali tarehe ya taarifa. Upekuzi kwa Msajili Msaidizi wa Hati, mkataba, fomu za taarifa ya uhamisho na maombi ya kibali, yaani fomu za ardhi namba 29 na 30, kisha hati ya uhamisho yenyewe ambayo ni fomu namba 35; uthamini; makadirio ya TRA; stempu; usajili. Faili likienda bila kukwama ni wiki kadhaa. Likikwama kwa pango la ardhi lililolimbikizwa na muuzaji, au kwa sahihi ya mwenza iliyokosekana, ni miezi. Hiyo sahihi si jambo la heshima tu: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza. Siku 50 za kadi zitakwisha faili likiwa bado linazunguka. Anayefikiri "nitalipa kadi hati ikitoka, nikakope benki kwa hati hiyo" ameweka matumaini yake kwenye foleni asiyoiendesha.

Kabla ya yote hayo, itazame kadi yenyewe. Kadi nyingi zilizoko kwenye pochi za Mwanza zina nembo ya Visa au Mastercard lakini ni kadi za kawaida za akaunti: zinatoa fedha yako mwenyewe. Kadi ya Visa ya mtandaoni inayofunguliwa kwenye simu nayo inatumia salio lako. Watu wanasema "nimelipa kwa kadi" wakidhani wamepata mkopo na siku za kulipa, kumbe akaunti ya ada ya shule imepungua papo hapo. Kadi ya mkopo ina kikomo kilichoandikwa kwenye mkataba, ina taarifa ya mwezi, na mara nyingi benki imeitoa kwa dhamana ya mshahara au amana uliyoiweka.

Kulipa kwa kadi, ya aina yoyote, kuna faida moja mpya. Tangu Septemba 2025, mnunuzi asiyesajiliwa VAT anayelipa kwa benki au mfumo wa kielektroniki uliokubaliwa na TRA anatozwa VAT ya asilimia 16 badala ya 18. Kwa ada ya 1,600,000 unaokoa 32,000. Mawakili wenye ujanja wa kuuza mashine zao watakwambia hivyo. Jibu ni kwamba malipo ya benki yanakupa unafuu uleule, na ile asilimia 2.5 ya mashine ikiongezwa kwenye 1,856,000 inakuwa 46,400. Umeokoa 32,000 ukapoteza 46,400. Kwa hiyo, kabla hujagusa mashine, uliza kwa maneno haya: "Nikilipa kwa kadi, jumla inabadilika?" Ikibadilika, nyongeza hiyo iandikwe kwenye ankara kama mstari wake.

Mashine nayo ina mambo yake. Ukipita Rock City Mall kadi inaguswa na karatasi inatoka. Ofisini kwa wakili mashine inaweza kuwa haijatumika wiki mbili, mtandao unayumba, skrini inaandika muamala umekataliwa, huku simu yako inalia ujumbe wa benki kwamba umekatwa. Usikubali kurudia papo hapo. Chukua karatasi ya kukataliwa, soma namba ya kumbukumbu ya muamala iliyo chini yake, ipige picha, kwa sababu wino wa karatasi hizo hufutika kwa joto ndani ya wiki chache. Benki kwa kawaida hurudisha fedha ya muamala uliokwama, lakini inachukua siku, na kikomo chako kimezibwa muda wote huo. Tena karatasi ya mashine si risiti. Inathibitisha tu kwamba fedha imehama. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye kiasi cha ada na VAT vikiwa vimetenganishwa. Siku nawe ukiuza nyumba, gharama zenye vielelezo ndizo zitakazokutetea kwenye ile kodi ya asilimia 10.

Kwa anayenunua kwa mkopo wa nyumba, kadi ina hatari ya aina nyingine kabisa. Benki inapokubali maombi yako haijakupa fedha. Kati ya kukubali na kutoa, inaweza kuchungulia tena taarifa zako kwenye kanzidata ya wakopaji, na deni jipya la kadi litaonekana. Watumishi wengi wanaijua kanuni ya theluthi: makato yasiteremshe mshahara chini ya theluthi moja. Mwenye mshahara wa 1,500,000 ana nafasi ya makato ya 1,000,000. Rejesho la nyumba likiwa 850,000 anapumua. Akiongeza malipo ya chini ya kadi ya 200,000, benki inayohesabu madeni yote kwa pamoja inaona 1,050,000, na mkopo wa nyumba unakwama kwa ajili ya ada ya wakili. Kwa mtu wa namna hiyo kadi ikae kabatini hadi mkopo utoke na rehani isajiliwe. Ni bora kuiomba benki mapema iingize gharama za uhamisho kwenye mkopo wenyewe, hata kama ni sehemu tu. Riba ya mkopo wa nyumba iko chini ya riba ya kadi.

Wapo pia ndugu walioko Uingereza wanaowanunulia wazazi nyumba Buswelu au Nyegezi na kulipia wakili kwa kadi zao za huko. Hao wana kinga ambayo sisi hatuna. Sheria ya Uingereza ya mikopo ya walaji ya 1974, kifungu cha 75, inaifanya benki iliyotoa kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji wa huduma kama huduma hiyo ina bei ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000, hata ikiwa muuzaji yuko nje ya nchi. Wakili wa Mwanza akichukua ada na kutoweka, ndugu yule anaweza kuidai benki yake. Mwenye kadi ya hapa atategemea taratibu za mtandao wa kadi za kupinga muamala, zenye muda mfupi na fomu nyingi. Na mashine ikimuuliza mwenye kadi ya kigeni kama alipe kwa pauni au shilingi, achague shilingi: kiwango cha kubadilisha fedha cha mashine ni cha kumnufaisha mwenye mashine. Ankara yenyewe inatakiwa iwe ya shilingi, kwa kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za Machi 2025.

Lakini kwa wengi wetu, njia nyepesi kuliko zote haina plastiki wala riba: kupanga ada kwa hatua. Kazi ya wakili haifanyiki siku moja, kwa nini ilipwe siku moja? Makubaliano ya maandishi ya asilimia 30 siku ya kumkabidhi kazi na kufanya upekuzi, asilimia 40 mkataba ukisainiwa, asilimia 30 hati ikitoka kwa jina lako, yanakubalika katika ofisi nyingi ukiyaomba mwanzoni. Kwa 1,888,000 hiyo ni 566,400, kisha 755,200, kisha 566,400. Mafungu hayo mshahara unaweza kuyabeba. Zaidi ya hapo, fungu la mwisho linamfanya wakili alisukume faili. Ukilipa yote kwa kadi siku ya kwanza umenunua riba, na umeuza fimbo pekee uliyokuwa nayo.

Jambo la kurudishiwa fedha nalo linahitaji uangalifu. Upekuzi ukionyesha kwamba hati ina rehani ya benki au kuna zuio, mauziano yanasimama, na sehemu ya ada ambayo haijafanyiwa kazi inapaswa kurudi. Irudi kwenye kadi ileile kupitia mashine ileile. Wakili akikupa taslimu bahashani, deni la kadi linabaki palepale likihesabu riba, na fedha ya bahasha ina mazoea ya kupita sokoni Kirumba kwanza. Vilevile, usimwombe wakili apitishe milioni 3 kwenye mashine kisha akupe fedha taslimu. Kwa benki, huko ni kutoa taslimu kwa mlango wa nyuma, na Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu ya 2006 inamtaka wakili anayeshughulikia mauziano ya nyumba atoe taarifa ya miamala yenye shaka. Hutaki faili la nyumba yako lianze hivyo.

Yote haya ni ya nyumba yenye hati. Sehemu kubwa ya nyumba zinazouzwa kwenye miteremko ya mawe ya Igogo, Mabatini au Kishiri hazina. Zinauzwa kwa karatasi ya serikali ya mtaa, na "gharama za kisheria" ni muhuri wa wakili pamoja na asilimia 10 ambayo baadhi ya viongozi wa mtaa huiomba bila sheria yoyote inayowapa. Hapo hakuna anayepokea kadi, na ni heri. Fedha ya kwanza iende kwa mpima na ofisi ya mipango miji ya halmashauri, waangalie kama kiwanja kipo kwenye ramani iliyoidhinishwa, au kama kimeshapitiwa na urasimishaji na mwenye jina ni nani.

Na kwa nyumba za ufukweni, Luchelele, Bwiru, Capri Point, hata zenye hati, mpimaji aanze na futi kamba kutoka kwenye maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwaka 2020 ziwa lilipanda na maji yakaingia kwenye nyumba zilizodhaniwa ziko mbali. Kipimo hicho kifanyike kabla ankara ya wakili haijaandikwa, maana kikionyesha mita 45 hakuna uhamisho wa kulipia.